Kabla hujamwita mwanao, jiulize wewe ulifundwa nini

"Sasa umekua, usicheze na wavulana."

Maneno matano tu, na kwenye nyumba nyingi za Ngamiani, hapa Tanga mjini, hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yote ya balehe. Mama aliambiwa na bibi siku alipovunja ungo, akakaa nayo kichwani miaka 25, na siku binti yake anapotoka chooni ameduwaa, sketi ya shule mkononi, yanamtoka yenyewe kabla hajafikiri.

Hebu yatazame. "Kucheza" hapo maana yake ni kujamiiana, lakini kwa mtoto wa miaka 12 kucheza ni rede na kombolela. Kwa hiyo ataelewa moja kati ya mawili. Ama kuguswa na mvulana kunaleta mimba, na siku akiguswa kwenye foleni ya bomba asiipate, atajua mama kasema uongo. Ama mama ana jambo lisilotamkika, na anayetaka kulijua akaulize kwingine. Kwa vyovyote vile, mama hatafuatwa tena.

Mzazi anayekwama kuzungumza na kijana wake kuhusu mwili na mapenzi hudhani amekosa maneno ya kisasa. Mara nyingi maneno anayo. Ila anayesema siku hiyo si mtu mzima wa miaka 40. Ni yule mtoto wa miaka 14 aliye ndani yake, na hofu zake zote, anayerudia alichoambiwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza haimhusu mwanao hata kidogo.

Kwa sisi wa pwani jambo hili lina uzito wake, kwa sababu huku mzazi hakuwa mfundaji. Binti alikabidhiwa kwa somo au kungwi, yaani mwanamke mzima wa kumfunda, au akaachiwa bibi na shangazi. Mvulana alikuwa na jando. Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wazigua na Waswahili wa mjini kila mmoja alikuwa na utaratibu wake, lakini kwa jumla mama na baba walikaa pembeni, na hiyo ilikuwa ni adabu, si uzembe. Siku hizi wavulana wengi wanatahiriwa hospitalini wakiwa wadogo, na wasichana wengi hukutana na kungwi wiki ya harusi tu. Hapo ndipo pengo lilipo. Mwanamke anaweza kuwa alifundwa siku saba, usafi, shanga, chumba na heshima ya mume, asiwe amewahi kuambiwa sentensi moja inayomfaa msichana wa darasa la sita. Alifundwa kwa ajili ya ndoa. Kwa ajili ya miaka 14 hakufundwa na mtu.

Simbezi somo. Alikuwa na sifa moja ambayo mama hana: unaweza kumuuliza jambo la aibu na jioni usikae naye sinia moja.

Sasa zoezi lenyewe. Chukua karatasi mbili na kalamu, tenga dakika 40 usiku watoto wakishalala. Usiandike kwenye simu. Simu ya mzazi huchukuliwa na watoto kuangalia katuni, na mambo haya si ya kusomwa na mtu mwingine. Wala usifanye siku uliyokuta ujumbe kwenye simu ya kijana, au jirani amekuletea habari. Siku hiyo una hasira, na hasira haina kumbukumbu, ina mashtaka. Subiri siku tatu hivi. Isipokuwa kama mtoto yuko hatarini. Hapo huna la kusubiri.

Anza kwa kuweka miaka sawa, kwa sababu kumbukumbu za umri huo hukaa shaghalabaghala. Mtu husema "nilikuwa bado mdogo", kumbe alikuwa na miaka 17. Mwingine husema "nilishakuwa mkubwa", kumbe 13. Tafuta vigingi. Aliyezaliwa 1985 alikuwa na miaka 11 hadi 13 katika mvua za El Nino za 1997 na 1998, na Mwalimu Nyerere alipofariki, Oktoba 1999, alikuwa na 13 au 14. Wakubwa zaidi wana kigingi chao cha Kitanga: Coastal Union walipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, ulikuwa darasa la ngapi? Ukishapata mwaka, andika ulikuwa unaishi nyumba gani, unalala chumba kimoja na nani, choo kilikuwa wapi. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayovuta mengine. Ukikumbuka ulikuwa unalala na shangazi, utakumbuka na alichokuwa anasema taa ikizimwa.

Halafu gawa karatasi ya pili safu tatu: nilichoambiwa, nilichoelewa, nilichofanya. Upande wa kushoto andika matukio. Hedhi ya kwanza au ndoto nyevu ya kwanza. Siku mtu alipousema mwili wako mbele za watu, iwe matiti, chunusi, sauti, au ufupi. Mtu wa kwanza uliyempenda. Mtu aliyekugusa bila ridhaa yako, kama yupo. Uongo wa kwanza mkubwa uliodanganya nyumbani ili utoke. Picha au video ya kwanza ya watu uchi, na uliiona kwa nani. Na mstari ambao watu huusahau: yule msichana wa shule yenu aliyepata mimba, na kilichosemwa juu yake. Huo usiuruke. Kwa watu wengi yule msichana ndiye aliyekuwa mtaala wenyewe. Hakuna aliyewakalisha kuwafundisha, lakini wote waliona alivyoondoka na begi lake, na wote wakasikia mama zao wakisema nini uwani.

Chukua mfano wa mstari wa hedhi, ukijazwa na mama wa kawaida wa hapa mjini. Nilichoambiwa: nisicheze na wavulana, na vitambaa visianikwe watu wakaviona. Nilichoelewa: damu ni uchafu na ni siri. Nilichofanya: nilianika vitambaa chini ya godoro, vikakauka nusu, nikawashwa, nikaogopa kusema. Soma safu hizo tatu kwa pamoja, kisha mtazame mama huyo leo. Ananunua pedi za binti yake kila mwezi, hana ubahili. Lakini anazifunga gazeti mara mbili na kuzipitisha dirishani kama bangi. Mdomo wake haujasema lolote baya, ila binti amepokea somo lile lile la chini ya godoro, tena kwa pesa zaidi.

Karatasi ya baba huwa na sura nyingine. Safu ya kwanza tupu. Ya pili: nilidhani naumwa, au nilijua ni janaba kwa sababu ya madrasa. Ya tatu: nilifua shuka alfajiri kabla watu hawajaamka. Akina baba wengi wakifika hapa husema "basi, sina cha kuandika", wakakunja. Hapana, cha kuandika kipo. Ule utupu ndio jibu, na ndio unaoeleza kwa nini hajui aanzie wapi na mwanawe. Afadhali auandike: sikuambiwa na mtu, nikajifunza kwa wakubwa wa kijiweni. Kisha ajiulize kijiwe cha mwanawe leo ni kipi. Kiko kwenye simu, hakifungwi saa nne usiku, na hakuna mkubwa pale anayemjua jina.

Karatasi ikishajaa ilaze siku moja. Kesho yake irudie na kalamu ya rangi nyingine, zungushia duara kila hofu unayoiona, na kando yake andika: yangu, au ya mwanangu? Utashangaa ni ngapi zako. Tena baadhi zimepitwa na wakati.

Hofu ya UKIMWI ndiyo mfano mkubwa. Aliyebalehe miaka ya 1990 alikua akizika jamaa, na dawa hazikuwapo kwa mtu wa kawaida; ARV zilianza kutolewa bure kwenye vituo vya serikali mwaka 2004. Kwa hiyo akifungua mdomo anatoa kifo. Kijana wa leo ana mwenzake darasani anayemeza dawa kila siku na kucheza namba tisa, haoni kifo, anaona mzazi hajui. Kilicho kweli sasa ni hiki: VVU haviponi, lakini anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Aliyepatwa na hatari, ikiwamo kubakwa, ana masaa 72 ya kuanza dawa za kinga, na kila saa ikipita uwezo wake unapungua. Atazitumia siku 28. Na tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Kama hilo la mwisho limekukera, ongeza mstari kwenye karatasi.

Hofu ya pili: mimba ni mwisho wa shule. Wakati wako ilikuwa kweli. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyeacha shule kwa ujauzito kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua, ndani ya miaka miwili. Hili halifanyi mimba ya miaka 15 kuwa jambo jepesi, kwa mwili wala kwa mfuko. Lakini binti anayeamini maisha yamekwisha ndiye anayekunywa majani asiyoyajua.

Upande wa wavulana, wazazi wengi hawana hofu yoyote kwenye karatasi, na hapo naona wanakosea kabisa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata akisema alikubali, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kijana wa miaka 19 wa bodaboda hapo Makorora anapaswa kulijua hilo kwa baba yake, si kwa askari. Na tukiwa kwenye sheria: Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya 18 vinapingana na Katiba. Kwa hiyo "tutamwoza tu" lisiwe jibu lako.

Kuna na jipya ambalo wewe hukuwa nalo kabisa: chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ukisikia shuleni wanachanja, huo ni mlango mzuri wa mazungumzo. Usiufunge kwa "dawa za wazungu".

Kuna mstari mmoja unaohitaji uangalifu. Baadhi ya watu wakifika kwenye "mtu aliyenigusa" mkono unasita, tumbo linabana, jasho linatoka. Weka kalamu chini. Usijilazimishe kumaliza, na usiende kwa mtoto wiki hiyo. Mzazi mwenye jeraha lisilosemwa huangukia upande mmoja: ama anamfungia mtoto ndani kabisa, ama anashindwa kuliona linalotokea mbele ya macho yake. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, au afisa ustawi wa jamii wa kata au hospitali, umwambie yeye kwanza. Kuhusu mtoto, ukihisi kitu kinaendelea sasa hivi, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bure.

Kama mko wawili, kila mtu aandike peke yake. Msibadilishane karatasi. Ule mstari wa "mtu wa kwanza niliyempenda" unaweza kuwaharibia usiku bure. Mnaposhauriana, kila mmoja aseme mambo mawili tu: nilichoambiwa, na ninachotaka mwanangu ajue. Mengine ya mtu mwenyewe.

Kabla ya kumwita mtoto, limebaki zoezi la ulimi. Funga mlango, sema kwa sauti: uke, uume, korodani, hedhi, matiti, ndoto nyevu, kujamiiana, kondomu. Mara tano kila moja, mpaka yatoke kama unasema unga na mafuta. Neno utakalokwama ndilo ulilorithi, na utalikuta kwenye karatasi. Wapo watakaosema dini hairuhusu maneno haya. Mtoto wa madrasa wa miaka tisa anasoma hedhi, ihtilamu (ndiyo ndoto nyevu) na josho la janaba, kwa sababu kwa madhehebu ya Kishafi hedhi na ihtilamu ndizo alama za kubalehe, pamoja na kutimiza miaka 15 kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Mwalimu wake anayataja bila kucheka. Kama ustadhi anaweza, nawe unaweza.

Halafu mahali. Usimkalishe kitako mbele yako kama mshitakiwa. Tafuta kazi ya mikono ambayo macho yako chini: kupukuchua mbaazi, kusuka nywele, kukokota baiskeli pamoja kutoka Raskazone. Dakika kumi zinatosha, na uache akiwa bado anataka zaidi. Mnachambua mchele, tuseme.

"Hivi nyinyi shuleni mkisema mtu kavunja ungo, mnaambiana ni nini?"

Nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanajaza kimya kwa mahubiri. Hesabu mpaka ishirini moyoni. Atasema "sijui, mama", na sijui hiyo haimaanishi hajui.

"Mimi nilipovunja wangu niliambiwa nisicheze na wavulana. Nikaacha rede mwezi mzima."

Akicheka, umeingia. "Walimaanisha kujamiiana, uume kuingia ukeni. Hiyo ndiyo inayoleta mimba, hata mara moja. Na inaweza hata kabla damu ya kwanza haijatoka, maana yai hutangulia." Basi, kwa siku hiyo. Kesho kutwa atakuja na swali lake, mara nyingi ukiwa umeshika sufuria ya moto.

Hadithi yako uliyoitoa hapo haikuchaguliwa ovyo. Chagua moja tu kutoka kwenye karatasi, ya umri wake au mdogo zaidi, isiyo na jina la mtu, na ambayo wewe ndiye unayechekesha. Hadithi ya ushujaa humfunga mdomo mtoto. Hadithi ya majuto nayo ina mtego: ukimwambia binti "nilikosea nikapata mimba", akiwa ndiye kifungua mimba atapiga hesabu ya miaka yake mwenyewe, na atajiona yeye ndiye kosa. Na "wakati wetu hatukuwa hivi" usiitie kabisa. Karatasi yako imeshakukana, na mdogo wako yuko Chumbageni anakumbuka barua zote.

Swali la "mama, wewe ulianza lini?" litakuja, siku moja. Andaa jibu mapema, kwa sababu uongo wa papo hapo huonekana usoni. Hulazimiki kutoa tarehe. "Hilo langu, kama ambavyo na wewe utakuwa na lako. Ila niulize nilikuwa sijui nini wakati ule, hilo nitakwambia lote."

Kuhusu muda: usingoje miaka 14. Kwa wasichana matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi, kwa hiyo matiti yakianza, hesabu hiyo imeanza, uwe umeshazungumza. Miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa siku 21 hadi 45. Usimtuhumu mimba kwa kuchelewa wiki mbili. Wavulana huanza kati ya miaka 9 na 14, korodani zikitangulia kukua, na karibu nusu yao huvimba chuchu kwa muda. Inapita yenyewe, lakini kijana asiyejua hukataa kuvua shati baharini mwaka mzima.

Karatasi zako zikishafanya kazi usiziweke kabatini chini ya kanga. Humo kuna majina ya watu ambao wana wake na wajukuu mtaa wa tatu. Asubuhi ukiwasha jiko la mkaa la uji, zitafaa kuwashia.